Miaka Yangu ya Kuharibu Vichwa vya Diski

Siku mume wangu alipomweleza mama yake kazi ninayofanya, mama mkwe aliinuka kimya, akachukua redio yake pale sebuleni, akaenda kuifungia chumbani. Mume alikuwa amesema ukweli mtupu: "Ngalula, banamulipa juu ya kuharibu bitu." Ilinichukua Noeli mbili kumshawishi yule mama kwamba ninaharibu mafaili tu, tena nakala, tena kwa ruhusa ya patron, bosi wangu.

Nawaandikia ninyi mnaokalia leo viti tulivyoviacha. Juzi mmoja wenu aliniuliza, kwa adabu nyingi kabisa, kama enzi zetu majaribio yalikuwepo. Aka! Yalikuwepo, mwanangu. Yalikuwepo mengi, na yote yalipita. Hilo ndilo lililotutia matatani, na leo nitawaambia namna gani, kwa sababu nimestaafu na hakuna wa kunifukuza.

Kampuni yetu ilikuwa mtaa wa Kamalondo, ghorofani, juu ya duka la fundi cherehani. Tulikuwa watu watatu. Patron Théo aliandika programu. Papa Sumaili aliipeleka kwa wateja na kuihudumia. Mimi niliijaribu kabla haijatoka mlangoni. Programu yenyewe tuliiita Mulinzi.

Niwaeleze Mulinzi alilinda nini, maana najua wengine wenu mnafanya kazi hii bila kuuliza. Kompyuta ya zamani ikikaribia kufa, unanakili diski yake nzima iwe faili moja kubwa. Faili hilo unaliweka kwenye kompyuta mpya, nayo inalifungua kana kwamba ni diski ya kweli, na kila kitu kimo ndani kama kilivyokuwa. Mwanzoni mwa faili kuna kichwa, mistari michache ya tarakimu inayosema: mimi ni diski ya aina fulani, ukubwa wangu ni huu, orodha ya vilivyomo iko mahali fulani. Kazi ya Mulinzi ilikuwa kusoma kichwa hicho kabla ya kufungua chochote, na kuuliza kama kinasema kweli. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza vichwa vinavyosema uongo, nione kama Mulinzi atashtuka.

Mwalimu wangu alikuwa huyo Papa Sumaili. Watu wake ni wa Maniema, wa Kasongo, mafundi tangu babu. Yeye alianza na redio, akahamia televisheni, akaishia kwenye kompyuta bila kubadilisha bisibisi. Alivaa kofia nyeupe na kuweka kalamu mfukoni mwa shati, na alikuwa na tabia moja mbaya: ukimuuliza kitu, alikujibu ukweli, hata kama uliuliza kwa adabu tu. Siku yangu ya kwanza nilimtengenezea faili bovu. Nilifuta kichwa chote nikajaza sifuri tupu. Mulinzi akalikataa, nami nikajiona bingwa.

"Hii iko mubaya sana," akaniambia.

"Si njo ulisema nifanye mubaya, Papa?"

"Hii hata muntu kipofu atakatala. Nani anakuyaka ku barrière ya polisi na karatasi nyeupe? Muongo wa kweli anakuya na kitambulisho, picha, cachet ya muhuri, bitu yote. Kintu moja tu njo ya uongo. Acha tarakimu yote namna iko, geuza moja. Moja tu, Ngalula."

Nikaandika katika daftari langu: geuza moja tu. Nikapigia mstari. Lishikeni hilo shauri, maana lilikuwa zuri, na mimi nililitii kwa bidii ambayo ingemfurahisha mchungaji wangu.

Mwaka ule wa kwanza ulikuwa na raha yake. Kuna diski tunazoita watoto. Diski mtoto haihifadhi kila kitu, inahifadhi mabadiliko tu, na kichwa chake kinataja jina la diski baba ambamo yamo yaliyobaki. Mimi nikatengeneza diski ambayo baba yake ni yeye mwenyewe. Nikampa Mulinzi. Mulinzi akasoma jina la baba, akaenda kumtafuta, akamkuta, akamuuliza na wewe baba yako ni nani, akaambiwa, akaenda tena kumtafuta. Kompyuta ikaanza kuvuma. Ikapata moto. Fundi cherehani akapanda ngazi kuuliza kama tumeanza kupiga pasi.

Papa Sumaili alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Mama yo! Hii familia, siku ya mahari nani atakaa ku upande ya baba?"

Patron Théo hakucheka, kwa sababu kosa lilikuwa lake. Alirekebisha: Mulinzi akaanza kuweka orodha ya mababa aliokwisha kuwaona, na akimwona mmoja mara ya pili, anakataa. Ninyi nanyi fanyeni hivyo. Na wekeni kikomo cha vizazi, maana niliwahi pia kutengeneza ukoo wa baba elfu moja, wote halali, na Mulinzi akazirai katikati.

Jambo jingine la ukubwa. Kichwa kinasema: orodha inaanzia hapa, urefu wake ni huu. Patron alijumlisha mahali na urefu, kisha akauliza kama jibu liko ndani ya faili. Inaonekana sawa, si ndiyo? Nikaweka urefu mkubwa kupita kiasi. Tarakimu ikajaa, ikarudi karibu na sifuri, kama kilometraji ya teksi ya zamani, na jibu likawa dogo, zuri, ndani ya faili kabisa. Mulinzi akalipokea kwa mikono miwili. Kwa hiyo msijumlishe, toeni. Kwanza ulizeni kama urefu ni mkubwa kuliko faili lenyewe. Kama si mkubwa, utoeni kwenye ukubwa wa faili, ndipo mwangalie kama mahali hapajapita kilichobaki. Nimelisema hili kwa vijana wengi, wakaitikia kwa kichwa, wakarudi mezani wakajumlisha.

Sasa, mwisho wa mwaka huo Patron Théo akarudi kutoka mkutano fulani na wazo jipya. Wateja walikuwa na shida ya umeme, nanyi mnaujua umeme wetu. Unakatika faili likiwa linaandikwa, kichwa kinabaki nusu. Basi akaweka mlango mpya mbele ya milango mingine yote: jumla. Unajumlisha tarakimu zote za kichwa kwa namna maalumu, na jibu unaliandika humohumo ndani ya kichwa. Mulinzi anapokisoma, anajumlisha tena. Kama jibu lake halipatani na lililoandikwa, kichwa kimeguswa, anakataa hapohapo na hasomi zaidi.

Wenye akili kati yenu mmeshaona. Ngojeni, msimwambie jirani.

Baada ya mlango ule, kazi yangu ikawa tamu. Nilikuwa na mafaili mabovu thelathini na nane, kila moja na uongo wake mmoja kama nilivyofundishwa, na kila asubuhi nilimpa Mulinzi yote. Kila asubuhi aliyakataa yote. Patron aliweka kioo kikubwa cha kompyuta ukutani penye miraba thelathini na nane, na mraba ukiwaka mwekundu maana yake faili limekataliwa, yaani vema. Wageni walipopanda ngazi aliwasimamisha mbele ya kile kioo. "Muone bakubwa. Thelathini na nane, bote banakatalwa. Hata moja haipite." Wageni walitikisa vichwa. Chini cherehani ilikuwa inapiga.

Kwa miaka minne sikupata kosa jipya hata moja. Nilidhani Mulinzi amekomaa. Patron naye alidhani nimekomaa, akaninunulia kiti chenye magurudumu. Nilipandishwa cheo kwa kutopata kitu, na niseme wazi, nililiona jambo hilo la haki kabisa.

Kati ya wateja wetu ilikuwemo maternité moja ndogo, hospitali ya kujifungulia, katika commune ya Kenya, mtaa wa mji wetu na si ile nchi. Msimamizi wake alikuwa Maman Odette, mkunga mwenye sauti ya kusikika mpaka sokoni. Rejista ya watoto waliozaliwa pale ilikuwa ndani ya diski ya namna hiyo, faili moja. Mama akija kuomba cheti cha kuzaliwa, anataja jina la mtoto, tarehe, mkunga aliyempokea, na karatasi inatoka. Bila karatasi hiyo, kule ofisi ya commune hawamwandiki mtoto.

Faili lilikuwa linajaa. Jumamosi moja Papa Sumaili akaenda kulipanua. Alitumia kifaa cha kampuni nyingine, si chetu. Katikati umeme ukakatika. Ulipowashwa, kifaa kikamaliza kazi kivyakevyake na kusema kila kitu kiko salama. Papa Sumaili hakukiamini, kwa sababu hakuwahi kuamini kifaa kinachojisifu. Akamuuliza Mulinzi. Mulinzi akasoma kichwa, akasema kizuri. Papa Sumaili akamwambia Maman Odette, "Iko muzuri, unaweza kufungua," akapanda pikipiki akarudi kwake.

Jumatatu asubuhi Maman Odette alifungua rejista. Watoto waliozaliwa katika miezi saba ya mwisho hawakuwemo.

Hawakuwa wamejificha. Kichwa kilikuwa kinasema orodha iko mahali ambapo haikuwa, katikati ya kurasa za miezi ile. Mashine ikaamini, ikaandika orodha mpya tupu juu ya majina ya watoto. Na nakala tuliyokuwa nayo ilikuwa ya miezi saba nyuma. Msinitazame hivyo, na zenu nazijua.

Mchana Patron Théo akatuita. Papa Sumaili akaeleza yote kama nilivyowaeleza, bila kupunguza. Patron alikuwa amekunja uso. Yalikuwepo mambo mawili tu: ama Mulinzi alipokea kichwa kibovu siku ya Jumamosi, ama Papa Sumaili aliligusa faili baada ya Mulinzi kuliona. Mulinzi ameandikwa na Patron. Kwa hiyo mnaweza kukisia alianzia wapi.

"Maman Ngalula, tuone majaribio."

Nikaendesha. Miraba yote ukutani ikawaka mwekundu, thelathini na nane, kama kila siku. Lakini siku ile, kwa kuwa sikutaka kumwangalia mtu usoni, niliangalia kioo changu badala ya ule ukuta. Kwenye kioo changu, pembeni ya kila faili, kulikuwa na maandishi madogo yanayosema sababu ya kukataliwa. Miaka minne yalikuwa pale. Nikasoma.

Faili lenye baba wa bandia: jumla haipatani. Faili lenye urefu mkubwa: jumla haipatani. Faili lenye orodha mahali pasipo pake: jumla haipatani. Nikateremka mpaka chini. Yote. Hakuna hata moja lililokataliwa kwa uongo niliolitilia. Nilikuwa nimegeuza tarakimu moja tu, kama nilivyoandika kwenye daftari, wala sikuirekebisha jumla baada ya kugeuza. Kwa hiyo yote yalifia mlango wa kwanza, na milango ya nyuma haikuwahi kugongwa na mtu tangu jumla ilipowekwa. Kumbe kati ya miaka hiyo Patron alikuwa ameandika upya sehemu ile ili Mulinzi aende haraka, na katika haraka hiyo makomeo kadhaa ya ukaguzi, la orodha likiwemo, yalianguka. Kile kifaa cha kule Kenya kiliandika mahali pabovu, kisha kikapiga jumla yake sawasawa. Mulinzi aliangalia jumla, akafungua mlango, na huko nyuma hapakuwa na mtu.

Mengine niliyahakikisha baadaye, lakini kiini chake nilikielewa kwa muda wa kumeza mate.

"Donc," Patron akasema, "Mulinzi haina kosa. Papa Sumaili, ulifanya nini na ile faili kiisha kuangalia?"

"Patron, sikuiguze tena." Papa Sumaili alivua kofia akaishika mapajani. "Lakini kama jaribio ya Ngalula inakatala yote thelathini na nane, basi Mulinzi iko muzuri. Miye najua kazi ya Ngalula. Kosa itakuwa ku mukono yangu. Pengine niliguza kintu bila kujua."

Nami nikanyamaza.

Mngependa niwape sababu. Watoto wangu walikuwa shuleni, kiti kilikuwa na magurudumu, na patron alikuwa amekasirika. Hizo ndizo nilizojipa. Ukweli ni kwamba niliona haya. Mtu aliyelipwa miaka minne kuona uongo hakuuona wake, na mbele ya watu wawili nisingeweza kulisema. Nikajiambia nitasema baadaye, nikiwa nimehakikisha.

Jumanne nilihakikisha. Nilichukua mafaili yangu yote, nikarekebisha jumla ya kila moja kwa mkono, nikampa Mulinzi. Kumi na manne yakapita. Kumi na manne, jamani, yakiingia kwa heshima zote, na lile la orodha likiwa mbele. Sasa nilikuwa nimehakikisha. Nikafunga kompyuta, nikashuka kula bukari, ugali wetu, na samaki wa Pweto, nikaongea na fundi cherehani habari za bei ya vitambaa.

Jumatano Patron aliandika barua ya kumwachisha Papa Sumaili kazi, apewe Ijumaa. Akaniletea niisome, eti Kifaransa changu kina heshima. Niliisoma. Nikasahihisha mahali pawili. Nasema hili kwa sababu nimeahidi kuwaeleza kazi ilivyokuwa, na siku ile kazi ilikuwa hiyo.

Alhamisi asubuhi simu ya ofisi ikalia, nikaipokea mimi. Alikuwa Maman Odette, na nikaisogeza ile simu mbali na sikio.

"Ambia Patron aksanti! Ule muzee munatuma, iko muntu ya Mungu. Tangu lundi, Jumatatu ile, iko huku. Amekamata kaye, anakaa ku benchi na bamama, anaandika batoto moja moja kufuata carte zabo za kliniki. Hata kula anakatalaka. Anasema deni ni yake."

Nikamwambia nitamwambia. Nikaweka simu. Nililia kidogo pale pale, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na hasira yenyewe ilikuwa ya kwangu mwenyewe. Kisha nikaenda kutengeneza faili.

Patron alikuwa na diski ya namna hiyo iliyobeba kazi yake ya miezi mingi, maelezo na picha za kuonyesha kwa wateja wakubwa. Nilinakili diski hiyo, ile ya asili nikaificha, na katika nakala nikageuza tarakimu moja tu: mahali pa orodha. Safari hii nikarekebisha jumla. Nikaenda ofisini kwake.

"Patron, uliza Mulinzi juu ya faili yako."

Akauliza. Mulinzi akasema kizuri.

"Sasa fungua."

Akafungua. Akaangalia. Akafunga, akafungua tena. "Ngalula, kazi yangu iko wapi?"

"Iko pale batoto ya maternité biko, Patron."

Nilimwacha dakika tano. Sikupaswa, najua, na sijutii hata moja. Alipokuwa amekaa kwenye kiti na mikono kichwani, nikamletea diski yake ya asili, nzima, na karatasi yenye majina ya mafaili kumi na manne. Nikamwambia kosa la majaribio ni langu, na kwamba yale makomeo yaliyoanguka ni yake. Aliangalia karatasi muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu anayependa rangi nyekundu ukutani. Barua aliichana yeye mwenyewe. Masahihisho yangu mawili yakaenda nayo.

"Nenda umulete muzee," akasema.

Kabla sijafika Kenya, niwaachie la kazi, maana baadaye nitasahau. Ukiharibu kichwa, rekebisha kila kitu kingine kiwe halali, jumla ikiwemo, ili uongo wako ufike mpaka mlango uliokusudiwa. Na matokeo yakija, soma sababu. Usihesabu waliokataliwa, angalia kila mmoja amekataliwa na nani. Ninyi leo mna programu zinazotengeneza vichwa vibovu kwa mamilioni wakati mnakunywa chai, nami nawapongeza. Mara moja kwa wiki liulizeni hilo dude lenu ni vingapi vilivyovuka mlango wa kwanza. Mkiona haya kuuliza, niiteni mimi, niulize.

Nilichukua pikipiki mpaka maternité. Papa Sumaili alikuwa ukumbini, kwenye benchi, kati ya wanawake walioshika watoto na kadi zao. Kaye, lile daftari, lilikuwa magotini, kalamu mkononi. Alikuwa anaandika kwa herufi kubwa na kumrudishia kila mama jina la mwanawe kwa sauti, ahakikishe. Benchi ya pili ilikuwa imejaa pia. Nikachuchumaa mbele yake.

"Papa, kosa haiko yako. Iko yangu."

Nikamweleza yote, ya jumla na ya milango. Alinisikiliza kama fundi, kichwa kimeinama upande mmoja. Nilipofika kwenye thelathini na nane yakifia mahali pamoja, akaanza kutikisika mabega.

"Mulango moja? Yote?"

"Yote, Papa. Miaka mine."

"Na ni miye nilikufundishaka kugeuza moja tu!" Akacheka kwa nguvu, mtoto mmoja akaamka akaanza kulia, na mama yake akatuangalia vibaya. "Eh, Ngalula! Shiye babili tuko bakubwa wa bure kabisa. Iyo kosa ya kazi iishe. Tutatengeneza. Na Patron?"

"Amechana barua."

"Kulikuwa barua?"

Alifuta machozi ya kicheko kwa mkono wa shati, akachukua kadi ya mama aliyefuata, akaandika jina, akalisoma kwa sauti, akamrudishia. Nikaanza kupumua. Ndipo akauliza, bado anaangalia kaye.

"Ulijua siku gani?"

Njia nzima juu ya ile pikipiki nilikuwa nimejiandalia majibu ya kila swali, isipokuwa hilo.

"Lundi. Kwa Patron, pale tulikuwa tunaangalia."

"Mbele niseme kosa iko ku mukono yangu, ao kiisha?"

Wanawake wa benchi walikuwa wananiangalia. Ningeweza kusema kiisha, yaani baada yake. Ni neno tu, na hakuna mtu duniani angeweza kulihakiki.

"Mbele," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa tarakimu akaiona inalingana. Akasogea kwenye benchi kunipa nafasi, akaweka kaye magotini mwangu, na kalamu juu yake.

"Andika. Bamama banangoja tangu asubui."

Niliandika siku ile, na Ijumaa, na Jumamosi nzima, mpaka watoto wa ile miezi saba wote waliopatikana wakarudi kwenye rejista. Jumatatu tulikuwa ofisini sote wawili. Tulifanya kazi meza kwa meza miaka sita zaidi, alinifundisha mengi, na alinitania kama zamani, pengine zaidi. Sasa amezeeka, anakaa kwa binti yake, na kila mwezi nampelekea sukari na majani ya chai. Tunaongea mambo yote. Mpaka leo sijamuuliza kama zile siku tatu alinisamehe. Papa Sumaili, ukimuuliza kitu, anakujibu ukweli.